Pole Mbili

Mama Apondi alimjua mumewe kwa mguu wa kulia. Mguu ule haukujua kutulia. Dishon alikuwa fundi cherehani, na miaka kumi na miwili ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeuzoesha mguu wake mwendo ambao haukuuacha hata nje ya kazi. Akila, mguu uligonga chini ya meza: du-du, du-du, du-du. Akiomba kanisani, du-du. Hata usingizini blanketi lilichezacheza upande wa chini, na Mama Apondi aliusukuma mguu ule na kusema, "Fundi, duka limefungwa. Lala."

Walikaa Nyamasaria, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Kila asubuhi Dishon alipanda baiskeli kwenda Kisumu mjini. Huko alikuwa na cherehani yake barazani, mbele ya duka la vitambaa la mama wa Kihindi, Kantaben. Cherehani ilikuwa mali ya Kantaben, lakini mjini hakuna aliyesema hivyo. Watu walisema, "Peleka kwa cherehani ya Dishon." Alishona kaptula za shule, magauni ya kanisani na hata maturubai ya malori. Jioni alirudi na vipande vya vitambaa mfukoni. Mama Apondi aliviweka vyote, vya maua na vya mistari, kwa sababu yeye alizaliwa Usenge, kwa wavuvi, ambako hata nyuzi za wavu uliochakaa hazitupwi.

Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa 1951, mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa inateleza kama sabuni. Lori la miwa lilitoka upande wa Ahero. Ng'ombe akaingia barabarani, dereva akamkwepa, lori likayumba na kulala ubavu. Dishon alikuwa pale pale na baiskeli yake.

Hakufa. Hilo tulishike kwanza, maana wako majirani waliokuwa wameanza kulia kilio kabla ya kuuliza. Lori lilimlalia mguu wa kulia, ule ule usiojua kutulia. Katika hospitali ya mjini daktari aliuangalia, akamwita Mama Apondi, akamwambia ukweli. Mfupa ulikuwa umesagika. Mguu ukiachwa utaoza, na sumu itapanda mwilini na kumuua. Wakaukata chini kidogo ya goti.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alieleza mambo mengi. Alieleza namna ya kulala, namna ya kufunga bendeji, siku ya kurudi kwa daktari. Lakini Mama Apondi alikuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja, na mtu mwenye vyote viwili hana masikio. Alishika neno moja tu: apumzike.

Basi Dishon akapumzishwa. Mgonjwa haulizwi uji, na Dishon hakuulizwa uji, wala maji, wala shuka. Alilishwa, alinyanyuliwa, alifunikwa. Mama Apondi akatoa vile vipande vya vitambaa vyote, akashona mto mkubwa wa maua na mistari, akaujaza vipande vingine mpaka ukafura. Akauweka chini ya goti la mumewe ili kigutu kipumzike vizuri, goti likiwa limekunjwa. Wageni wakaja. Waliusifu mto, wakasema, "Pole, Dishon. Pole sana. Wewe pumzika tu." Wakanywa chai, wakaenda. Kesho yake wakaja wengine.

Miongoni mwao alikuwa Kantaben mwenyewe, aliyekuja kwa teksi na furushi la matunda. Alisimama mlangoni kwa haya, akamwambia Mama Apondi pembeni, "Mimi ninangoja yeye. Lakini Diwali ikifika, watu wote wanataka nguo mpya. Cherehani haiwezi kukaa bure. Mpaka Diwali, mama."

Diwali, sikukuu ya Wahindi, ilikuwa mwisho wa Oktoba. Sasa ilikuwa Mei, na Dishon alikuwa hawezi hata kwenda chooni bila kubebwa na watu wawili. Mama Apondi hakumwambia mumewe maneno ya Kantaben. Aliufurisha mto, akasali.

Siku moja mama yake Dishon alikuja kukaa nao. Watoto walimwita Dani, yaani bibi, na kwa hiyo wakubwa nao walimwita Dani. Aliingia chumbani, akaona kitanda kina nafasi upande wa chini, akakaa.

"Mama!" Dishon alipiga kelele. "Umekalia mguu wangu!"

Dani akaruka. Akageuka akatazama blanketi. Lilikuwa limelala sawasawa juu ya godoro, hapana kitu chini yake. Wote watatu, Mama Apondi akiwa mlangoni, wakalitazama. Dani, mwanamke aliyezika mume na ndugu wanne bila kutetemeka, akanyoosha mkono na kulipapasa lile blanketi taratibu.

"Nisamehe," akaliambia.

Hapo Dishon akatoa siri yake. Mguu uliokatwa ulikuwa haujaenda. Aliusikia kila siku. Kidole gumba kilikuwa kimejikunja chini ya vidole vingine, kikauma mpaka machozi yakamtoka. Unyayo uliwasha, na hapakuwa na mahali pa kukuna. Alikuwa amenyamaza kwa sababu alifikiri anapata wazimu.

"Si wazimu," Dani alisema. "Mguu umezikwa ugenini, na wameuzika vidole vimekunjwa. Unalia unataka nyumbani. Tutakwenda hospitali tuombe watuonyeshe mahali, tuuchimbue, tuunyooshe vidole."

Mama Apondi hakujua aamini nini. Alijua jambo moja: mume wake aliumia mahali ambapo hapakuwepo, na mahali pasipokuwepo hapapakwi dawa.

Asubuhi iliyofuata alimbeba mtoto wao Apondi mgongoni, akaenda kwenye zahanati ndogo ya jirani. Hapo palikuwa na dresa mpya, mtu wa kusafisha na kufunga vidonda, jina lake Wepukhulu. Alikuwa Mbukusu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Wakati wa vita alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya jeshi huko Burma.

"Mtoto anaumwa nini?" Wepukhulu aliuliza.

"Mtoto mzima. Nimekuja kuomba dawa ya mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa baba yake." Mama Apondi alitazama chini. "Ule ambao haupo."

Alingoja acheke. Wepukhulu hakucheka. Aliweka chini mkasi aliokuwa nao.

"Vidole vimejikunja?" aliuliza. "Au unyayo unawaka moto?"

Mama Apondi alimkazia macho. "Nani alikuambia?"

"Wanajeshi, mama. Kule Burma nilifunga vigutu vingi kuliko nywele zangu, na karibu kila mmoja aliniambia jambo hilo hilo. Leo jioni nitapita nyumbani kwenu."

Alifika kwa baiskeli jua likiwa bado juu. Alimsalimu Dani kwanza kwa heshima, kisha Dishon. Akafunua blanketi. Hakutazama kidonda, kilikuwa kimepona vizuri. Alitazama mto.

"Nani alishona huu?"

"Mimi," alisema Mama Apondi, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Wepukhulu alishika mto kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo mzito bila kuvunja kitu. Akautoa mto. "Bwana Dishon, nyoosha goti."

Dishon alinyoosha. Goti lilikwenda kidogo, likasimama. Wepukhulu alikunja ngumi, akaipitisha chini ya goti. Ngumi nzima ilipita, haikugusa popote.

"Mama, wewe ni wa wapi kwa kuzaliwa?"

"Usenge."

"Basi nieleze. Samaki wa kuanika, ukimpasua na kumwacha juani amejikunja, inakuwaje?"

"Anakauka hivyo hivyo," alisema Mama Apondi. "Ukitaka kumnyoosha baadaye anavunji..." Hakumaliza. Alitazama goti, akautazama mto wake wa maua na mistari, akaelewa yote kwa mara moja. Akaketi chini sakafuni.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema Wepukhulu kwa upole. "Na kumnyoosha ni hivyo hivyo, angali mbichi. Mshipa wa nyuma ya goti ukilala umekunjwa wiki nyingi, unakuwa mfupi. Goti likikauka hivi, mguu wa mti hauwezi kufungwa. Utatazama nyuma badala ya chini. Na bila mguu wa mti, mtu atakaa kitandani."

"Mimi nimemlemaza," Mama Apondi alisema. "Nyasaye, Mungu wangu, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Hapana. Umempenda, hukufundishwa. Na bado hajakauka." Wepukhulu alimgeukia Dishon. "Watu wangapi wamekuja kukuambia pole?"

"Kanisa lote," alisema Dishon. "Na wengine mara mbili."

"Pole moja ni neno zuri siku ya kwanza. Lakini pole moja ikikaa sana, inamlaza mtu. Kuanzia leo ongeza ya pili. Pole pole. Hiyo ndiyo ya kuinuka nayo."

Dishon aligeuza uso ukutani. "Niinuke niende wapi?" alisema. "Mimi ni mtu wa kukanyaga. Mguu wa kukanyaga wameukata. Umebaki wa kuniumiza tu."

"Unakuuma sasa?"

"Kidole gumba. Kama kimebanwa na mlango."

"Vizuri. Fumba macho."

Dishon alishangaa, lakini alifumba.

"Uko barazani," alisema Wepukhulu. "Mbele yako kuna kaptula ya shule. Weka miguu yako miwili juu ya kikanyagio. Miwili, nasema. Sasa shona. Pole pole."

Mama Apondi alikuwa sakafuni, uso wake sawa na kitanda, na kwa hiyo yeye ndiye aliyeona kwanza. Chini ya ngozi ya kigutu kitu kilisogea. Kikarudi. Kikasogea tena. Nyama ya mguu, ile kidogo iliyobaki chini ya goti, ilikuwa ikikaza na kulegea, ikikaza na kulegea. Aliujua mwendo ule. Alikuwa amelala nao kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yake. Du-du, du-du, du-du. Mguu haukuwepo, na ulikuwa unashona.

Aliweka mkono mdomoni. Dani naye alikuwa ameona. Midomo yake ilitembea bila sauti. Mwili wa mtu ni nyumba kubwa, na siku ile Mama Apondi alijisikia kama aliyekaa sebuleni miaka yote bila kujua kwamba kuna vyumba vingine ndani.

"Kidole?" Wepukhulu aliuliza baada ya muda.

Dishon alifumbua macho. Yalikuwa na maji. "Kimejinyoosha," alisema. "Kimejinyoosha chenyewe."

"Ndani ya kichwa chetu kila kiungo kina mahali pake," Wepukhulu alieleza. "Mguu umekatwa, lakini mahali pake kichwani hapakukatwa. Kichwa kinauita mguu, hakipati jibu, kinapiga kelele. Ukiufanyisha kazi, kichwa kinatulia. Sio kila siku maumivu yatakwisha hivi. Lakini yakija, usiyaogope. Shona. Na kigutu ukipapase, ukikande kwa kiganja, kizoee kuguswa."

Dani alikohoa. "Na kuuchimbua?"

"Mama, ukitaka kuleta udongo wa pale na kuufukia hapa nyumbani, lete. Moyo nao unahitaji dawa yake. Lakini vidole vilivyojikunja viko hapa." Akagusa kichwa cha Dishon. Dani aliufikiria udongo siku mbili, kisha akasema safari ni ndefu na magoti yake mwenyewe yanatosha kuugua.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika, na kubadilika hakukuwa kutamu. Mto uliwekwa juu ya kabati. Asubuhi, mchana na jioni Dishon alilala kifudifudi nusu saa, mguu umenyooka, akisukuma goti lishuke kwenye godoro. Liliuma. Alitukana kwa lugha tatu. Wepukhulu alimfundisha Mama Apondi kufunga bendeji kwa kuipitisha kwa mshazari, ikakaza chini kwenye ncha na kulegea kuelekea juu, ili kigutu kisivimbe na kipate umbo la kuingia kwenye mguu wa mti. Akionyesha, alisema, "Usizungushe kama pete. Pete inafunga damu." Kila siku kigutu kilioshwa kwa sabuni na maji safi, kikakaushwa kabisa, na Dishon akakikagua kwa kioo kidogo cha kunyolea asije akapata kidonda bila kujua. Na walirudi kwa daktari, kama muuguzi alivyosema tangu mwanzo.

Lakini somo gumu kuliko yote lilikuwa la Mama Apondi. "Akiomba maji, na maji anaweza kuyafikia, usimpe," Wepukhulu alimwambia.

"Jirani watasema mimi mwanamke mbaya."

"Waache waseme. Wao hawatamvusha kwenda Kisumu."

Siku ya kwanza alipokataa, Dishon alimtazama kama mgeni. Magongo yalikuwa yameegemezwa ukutani, na mtungi ulikuwa hatua sita mbali. Mama Apondi alitoka nje, akasimama nyuma ya ukuta. Alisikia gongo likianguka. Alisikia Dani akisema, "Hata mbwa hupewa maji!" Akauma upindo wa leso yake asirudi ndani. Kisha akasikia gongo, na gongo, na kishindo cha mguu mmoja, na kata ikigonga mtungi. Dishon alikunywa maji yale kwa sauti kubwa ili mkewe asikie. Alikuwa na hasira, na alikuwa amesimama.

Jioni ile Mama Apondi alimwambia maneno ya Kantaben, kwamba cherehani ingemngoja mpaka Diwali tu. Dishon alilala kifudifudi tena, ingawa zamu yake ya jioni alikuwa ameimaliza.

Julai ngumi haikupita tena chini ya goti. Vilipita vidole viwili. Agosti kikapita kidole kimoja. Septemba Wepukhulu alichukua kipande cha gazeti, akajaribu kukipitisha. Kilikataa. Dani alichukua gazeti akajaribu mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuambiwa.

Mguu wa mti ulitengenezwa na Kartar Singh, fundi aliyeunda bodi za malori mjini. Daktari alikuwa amesema mguu wenyewe wa kiwandani utachukua muda kufika, ila wa mti wa kuanzia ungefaa, mradi auone kwanza. Wepukhulu alimpeleka Dishon kwa baiskeli, amekaa nyuma. Njiani lori lilipita karibu, na Dishon alimshika kiuno kwa nguvu mpaka wakasimama. Hakumwachia hata lori lilipokwisha kupita.

"Hicho nacho ni kidonda," Wepukhulu alimwambia. "Hakionekani kwa kioo. Kioshe hivyo hivyo, kila siku kidogo." Wakangoja malori mawili yapite. Ndipo wakaendelea.

Kartar Singh alikuwa mtu wa ndevu nyeupe na sauti ya karakana. "Dishon fundi! Wewe shona turubai yangu, mpaka leo maji hapana ingia. Mimi jenga lori nzima kila mwezi. Mguu moja shinda mimi?"

Hata hivyo alipima kigutu mara nne, pole pole, kama anayepima yai. Alikataa mti wa mvule, akasema ni mzito, huo ni wa lori. Akachagua mti mwepesi, akauchonga, akauvalisha ngozi laini juu na mikanda ya kufunga pajani. Chini, mahali pa unyayo, akapigilia kipande kinene cha raba ili usiteleze.

"Raba ya nini hii?" Dishon aliuliza.

"Tairi ya lori," alisema Kartar Singh. Akaugeuza mguu mkononi mwake. "Lori chukua, lori rudisha."

Ndani ya mguu kulitakiwa kitu laini. Mama Apondi aliushusha mto kabatini. Aliufumua, akatandaza vile vipande vya maua na mistari, na Dishon akavishona kwa sindano ya mkono, soksi tatu nene za kuvaa juu ya kigutu, ili moja ikifuliwa nyingine iwe kavu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kushona tangu Machi.

Siku alipofungwa mguu ule, baada ya daktari kuuona na kuukubali, alisimama uani ameshika mabega ya Wepukhulu. Akaachia bega moja. Akaachia la pili. Kuku walipita, na majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Dishon alitembea hatua tatu kwa miguu miwili juu ya ardhi ya Nyamasaria. Mama Apondi alikuwa ameona watoto wake wawili wakianza kutembea, lakini hakuwahi kuona mtu mzima akianza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo Dishon alipotaka kuharibu kila kitu. Siku ya tatu alijiona amekwisha kupona, akautembeza mguu mpya tangu asubuhi mpaka alasiri, nyumba kwa nyumba, akionyesha. Jioni kioo kilimwonyesha lengelenge na ngozi iliyochubuka. Wepukhulu alimnyang'anya mguu wa mti kwa siku sita, akaondoka nao kabisa kwenye baiskeli.

"Pole ngapi?" alimuuliza akiwa tayari ameuning'iniza begani kwa mkanda.

"Mbili," Dishon alijibu kwa hasira.

Baada ya hapo alikwenda kwa kipimo: saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku, na kila akivua alikagua ngozi.

Wiki ya pili ya Oktoba, Dishon na Mama Apondi waliingia Kisumu. Kantaben alikuwa nyuma ya meza yake, akipima kitambaa cha hariri. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na shuka lilikuwa safi, bila vumbi. Kantaben aliinua macho, akauona mguu wa mti na fimbo. Futi ya kupimia ikamponyoka.

"Pole, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Pole."

"Asante, mama. Umesema mbili," alisema Dishon. "Hizo ndizo ninazotaka."

Akakaa. Kartar Singh alikuwa amepita siku moja kabla na kupigilia kikombe cha ngozi kwenye kikanyagio, mahali pa kuingiza ncha ya mguu wa mti isiteleze. Dishon aliweka mguu wa kushoto. Akaweka wa kulia. Akanyoosha kitambaa chini ya sindano. Kisha akafumba macho, kama siku ile kitandani.

Mguu wa kushoto ulianza peke yake, ukisitasita. Uzi ukakatika. Akaufunga, akaanza tena. Mara ya tatu paja la kulia lilisukuma, na la kushoto likaitikia, na gurudumu likazunguka bila kusimama. Wapita njia walisimama barazani. Fundi viatu wa jirani aliacha nyundo yake. Kantaben alishika mikono yake pamoja kifuani, akatazama mshono ukitoka chini ya sindano, umenyooka kama uzi wa timazi ya mwashi.

Makubaliano yalikuwa nusu siku mpaka Diwali, kisha waone. Saa sita Dishon alivua mguu, akakagua ngozi kwa kioo mbele ya watu bila haya, akabadilisha soksi. Walirudi nyumbani kwa gari la abiria. Lori lilipopishana nao, alimshika mkewe mkono, na lilipopita akauachia.

Jioni ile, kabla jua halijazama, walikula wote mezani: ugali na samaki aina ya ngege kwa mchuzi. Apondi alikuwa akieleza jambo refu juu ya mbuzi wa jirani. Mama Apondi aliinua mkono.

"Nyamazeni."

Wakanyamaza. Chini ya meza kulikuwa na sauti. Ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani, kwa sababu ya raba ya lori. Du-du. Du-du. Du-du. Dishon alikuwa ameinama, akitoa mwiba kwenye samaki. Hakuwa na habari kwamba anagonga.

"Nani huyo anabisha hodi?" Dani aliuliza, akitazama mlango.

Mama Apondi alitaka kusema, "Fundi, duka limefungwa." Aliyaacha maneno yale, akamwongezea mumewe mchuzi.

"Hakuna mtu, Dani," alisema. "Ni mguu wa Dishon."